Siku Tuliyomfuata Shaibu

Ijumaa iliyopita nilifuatana na mume wangu kwenye soko la mbuzi, Nizwa. Yeye hupenda kuchagua mwenyewe, afunue midomo atazame meno, apapase migongo, abishane, aondoke, arudi tena. Mimi husimama pembeni na mkoba wangu nikingoja amalize. Beberu mmoja alipitishwa karibu nami akanisugua ubavuni, na harufu yake ikabaki kwenye buibui langu, ile harufu nzito ya dume lililokuwa likipanda majike, kali, imechanganyika mkojo na jasho na kitu mfano wa siki. Nikarudi garini nikakaa. Mume wangu alipokuja aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimechoka tu. Wanawake wa rika letu tukishasema tumechoka, hakuna anayeuliza zaidi.

Harufu ile naijua tangu nina miaka kumi.

Tulikuwa tunakaa Ibra. Baba yangu, Nasor, alikuwa karani katika ofisi ya maji. Alizaliwa Unguja, akaja Omani mtu mzima, pamoja na Mama na Bibi mzaa Baba, na Kiswahili chake akaja nacho kizima kizima. Nyumbani tulisema Kiswahili. Ofisini kwake nusu ya watu walikuwa wametoka huko huko, na waliobaki aliwasalimia tu. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na salamu, mbele ya hapo kinakwama. Alikuwa akiona haya, kwa sababu mara moja dukani alitaka misumari akataja kitu kingine, duka zima likacheka. Tangu siku hiyo akitaka kitu hunituma mimi. Mimi nimezaliwa Ibra, nina Kiarabu cha skuli na cha mtaani, na nilijiona mtu mkubwa sana kwa kuwa ulimi wa baba yangu.

Babu yangu, baba yake Baba, alikuwa mtu wa milima ya Dima. Aliondoka kijana akenda Unguja, akamwacha mkewe na mtoto mchanga wa kiume, akasema atarudi. Hakurudi. Akaoa tena huko, akamzaa Baba, akafa huko na akazikwa huko. Yule mtoto aliyeachwa ndiye Ami Seif. Bibi alikuwa akichagua mchele husema, bila kuinua macho, "Wale wa mlimani wana kinyongo na sisi. Tumemla baba yao." Wakubwa husema maneno kama hayo na kuyasahau. Mtoto aliye chini ya meza hayasahau.

Kila Idi Baba alikuwa akipanda mlimani kumwamkia kaka yake. "Shikamoo, kaka," atamwambia, na Ami Seif, ambaye hakujua neno hilo ni nini, atajibu, "Wa alaykum salaam." Kisha watakaa saa nzima wakitazamana juu ya sinia la tende. Baba anatabasamu, Ami anakohoa. Halafu tunarudi.

Mwaka ule, mwisho wa joto, asubuhi zilipoanza kutaka shali, dereva mmoja wa gari la majani ya mifugo alikuja na salamu: Ami Seif anamtaka ndugu yake wakawinde. Wamwahi dume la waal kabla hazijaja mvua za baridi. Waal ni mbuzi-mwitu wa milima ya huku, ana manyoya marefu shingoni na miguuni, na pembe fupi nene zilizopinda nyuma. Sheria ilikuwa ishakataza kitambo kumwinda, na Ami alijua. Sisemi kuwa alifanya vizuri. Nasimulia ilivyokuwa.

"Wewe na bunduki wapi na wapi?" Mama alimwambia Baba. "Hata kuku huwa tunampa jirani atuchinjie."

"Kaka yangu kaniita," alisema Baba. "Miaka yote hii hajapata kuniita." Alikuwa ashaanza kutafuta viatu. Mama akanitazama mimi, akasema basi niende naye, maana watakaa huko mlimani kama mabubu.

Tulifika kijijini mchana, tukalala kwa Ami. Asubuhi baada ya sala nilikwenda jikoni kwa mke wa ami kuomba maji, nikakuta wanazungumza. Ami alikuwa amechutama mlangoni anapangusa bunduki yake, bunduki ya zamani ambayo kitako chake kilifungwa waya. Hawakuniona.

"Leo shaibu hatoki," Ami alisema. "Ashanikimbia vya kutosha. Sasa kachoka, hana mbio tena. Nitamfikisha kwenye maji nimmalize."

"Mwache, maskini," alisema mkewe. "Kuna nini tena cha kumfuata?"

"Nimemngoja miaka."

Sasa mnielewe. Baba aliota mvi mapema. Hakuwa amefika miaka arubaini na kichwa chake kilikuwa cheupe chote, na watoto wa mtaani kwetu Ibra walikuwa hawamwiti jina ila shaibu, yaani mzee. Mimi mwenyewe nishapigana skuli kwa neno hilo. Kwa hiyo nilipolisikia pale, pamoja na bunduki, na maneno ya Bibi yamo kichwani, sikuona mashaka yoyote. Ami Seif alikuwa anakwenda kumuua baba yangu.

Nilitaka kumwambia Baba. Nilimkuta uani anafunga kamba za viatu, viatu vyeupe vya mpira alivyovinunua kwa safari ile, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona. "Unaonaje, mwanangu?" aliniuliza. "Nimekaa kiwindaji?" Nikashindwa. Nikafikiri, nitafanya njia yangu. Wao hawana neno ila linalopita kwangu.

Tuliondoka jua halijatoka vizuri. Ami mbele na bunduki, miguu mitupu, nyayo zake zimepasuka kama ardhi kavu. Nyuma yake punda na viriba vya maji, halafu Baba, halafu mimi. Njia ilikuwa kokoto tupu, ukipanda hatua mbili unateleza moja. Baba alikuwa akihema. Kila tulipopumzika Ami alizungumza na mimi nikafasiri. Alisema dume la waal likishamaliza msimu wa majike huwa halina kitu. Mwezi mzima halili, kazi yake kukimbiza majike na kupigana na madume wengine, na mwisho majike hujiendea zao, nalo hubaki peke yake karibu na maji, mbavu nje, miguu inatetemeka. "Mwaka mzima humpati," alisema. "Siku hizi chache ndizo utampata, kwa sababu hawezi tena." Nilimfasiria Baba neno kwa neno. Lakini moyoni niliona hicho ni kisingizio tu cha kutufikisha juu.

Mapumziko ya pili nilimwambia Baba, "Ami anasema kachoka, turudi."

Baba akacheka. "Kachoka wapi! Mtazame! Mwambie mimi namfuata mpaka mwisho."

Nikamgeukia Ami. Nikamwambia kwa Kiarabu, "Baba anasema anaumwa, anataka kurudi."

Ami akamtazama ndugu yake kwa muda. Akafungua kiriba, akatia maji kwenye bakuli, akamnywesha kwanza Baba, kisha mimi, yeye asinywe. Akampa na tende za kwenye kitambaa chake. Ningekuwa na akili ningeuona upendo uliokuwa katika mkono ule. Lakini mimi kila Idi nilikuwa nikimwona jirani akituchinjia, na nilijua kuwa mnyama hupewa maji kwanza. Nikaanza kulia kimya kimya, nikajifuta kwa ukaya wangu wa kichwani.

Tukaendelea polepole, Ami akipunguza hatua kwa ajili ya mgonjwa wangu wa uongo. Jua lilipokuwa juu tukafika chini ya jabali kubwa lenye kivuli chembamba. Baba alikaa mbali kidogo, chini yetu, akavua kiatu kimoja kutoa kokoto. Ami alikaa karibu nami. Aligeuzia uso wadi, lile bonde kavu kule chini, kama mtu asiyetaka kuonekana, akasema haraka haraka, kwa sauti ndogo:

"Binti ya ndugu yangu, niulizie kitu. Mwulize: baba yetu alipata kunitaja?"

Nilimsikia vizuri. Kila neno. Na hofu yangu ilinieleza kuwa hapo ndipo penyewe, hilo ndilo swali la kabla ya risasi, na Baba akikosea kujibu, basi. Nikaona salama ni swali lenyewe lisifike.

"Baba!" niliita. "Ami anauliza umechoka?"

Baba aliinua kichwa, kiatu mkononi, akacheka kicheko kikubwa kilichorudi kutoka majabali. "Mimi nichoke? Mwambie hata siku moja!"

Nikamgeukia Ami. Sijui mpaka leo kwa nini sikutunga jibu lingine. Nilikuwa nishatunga mengi asubuhi ile. Labda nami nilikuwa nimechoka, na ulimi ukishazoea kubeba hubeba tu. Nikasema kama nilivyoambiwa:

"Anasema hata siku moja."

Ami alikuwa amekiona kicheko. Alibaki vile vile, uso wadini. Kisha akainuka, akaokota bunduki, akaanza kupanda, na safari hii hakupunguza hatua.

Juu, baada ya mwendo ambao siukumbuki, tuliingia kwenye korongo dogo. Hapo ndipo harufu ilitupata, kabla hatujaona kitu. Ami akainua mkono tusimame. Akamfanyia Baba ishara akae nyuma ya jiwe lililokuwa mbele yetu, mgongo kwetu, atazame chini, na Baba akakaa kwa utiifu kama mtoto wa chuoni. Mimi nilikuwa nyuma ya Ami. Nikamwona anainua bunduki, na mdomo wa bunduki ulikuwa juu ya kichwa cheupe cha baba yangu.

Nikapiga ukelele.

Kitu kikakurupuka kule chini, kokoto zikaporomoka. Baba akageuka. Na mimi nikaona, mbele yake, kando ya kidimbwi cha maji kisichozidi karai la kufulia, mnyama mwekundu mwekundu, manyoya ya shingoni yamegandana kwa tope. Alikimbia. Alikimbia hatua saba, nane, kisha akasimama. Akageuza kichwa akatutazama. Mbavu zilikuwa zinakwenda juu na chini, mguu mmoja wa nyuma hakuukanyagia. Alikuwa ametuona wote watatu, amesikia ukelele wangu, anajua sisi ni nani, na hakuweza kupiga hatua ya tisa. Nimeshaona watu wengi wamesimama hivyo tangu siku ile, wengine kwenye korido za hospitali, mmoja kwenye kioo changu. Lakini yeye ndiye alikuwa wa kwanza.

Ami akafyatua.

Tulipofika alikuwa bado anapumua. Ami alisema bismillahi akamchinja, kisha akamwekea kiganja juu ya paji, katikati ya pembe, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemlaza mzee wake: "Basi, shaibu. Pumzika."

Shaibu.

Nilikaa chini, palepale kwenye damu. Baba akadhani naogopa mnyama aliyechinjwa akanifunika uso kwa kilemba chake alichokuwa amekitundika shingoni. Ndani ya kitambaa kile, katika jasho la baba yangu na harufu ya dume, nilielewa yote kwa mpigo mmoja, shaibu ni nani na nani alikuwa anangojwa miaka, na ni swali gani nililolizuia njiani. Ndani ya kilemba kile pia niliamua kuwa sitasema. Ningeanzia wapi? Mtoto huona kosa lake ni kubwa kuliko dunia, hivyo hulikalia.

Ami alimchuna mnyama, mgongo kwetu. Nyama ilikuwa nyeusi, haina hata chembe ya mafuta. "Miaka mitatu," alisema mwishowe, hakusema na mtu. "Kwa hii." Akaifunga yote, mapaja na mgongo, akaipakia juu ya punda, upande wa mizigo yetu. Nyama yote alimpa Baba. Mgeni hupewa hivyo.

Tuliposhuka Baba alinikaribia. "Kaka yangu kakasirika nini? Nimesema kitu kibaya?"

"Hapana, Baba. Kachoka."

Nyumbani Mama aliichemsha nyama ile kwa maji matatu, kwa ndimu, kwa tangawizi, na bado ilinuka hata mapazia. Hakuna aliyeweza kuila. Baba aliila peke yake, siku tatu, anatafuna na kutafuna, kwa sababu ni zawadi ya kaka yake. Mimi nilikuwa nakaa naye mezani nikimtazama anavyotafuna.

Idi iliyofuata tulipopanda, tuliambiwa Ami yuko malishoni na mbuzi. Iliyofuata pia. Ya tatu Baba hakwenda. "Mtu akikuchoka utamwona," alimwambia Mama, na hapo ikaisha. Sikuwahi kumsikia akimlaumu. Ila akipita mahali akasikia watu wakitaja Dima, alisimama, kama mtu anayetafuta alipokosea.

Miaka minane nilikaa na kitu hicho. Nilikuwa chuoni Nizwa, nasomea ualimu, na Baba alikuja kunichukua likizo. Njiani aliniambia mke wa Ami Seif amefariki, ana siku tano. "Sijui niende au nisiende," alisema. "Sitaki kumtilia mtu uzito juu ya msiba wake."

Nikamwambia. Sikutazama upande wake, nilitazama barabara. Nilimwambia la jikoni, la maji, la jabali, nikamwambia swali lilivyokuwa na jibu lilivyokwenda. Baba akaweka gari kando. Malori yalikuwa yanatupita na kila lori lilikuwa linatutikisa.

"Hata siku moja," alisema taratibu. "Nikacheka tena."

"Ndiyo, Baba."

Nilidhani atanipiga, ingawa hajapata kunipiga. Alishika usukani kwa mikono miwili. "Kila siku," alisema. "Kila siku, mwanangu. Alikuwa akitaka kuniita mimi, jina la kwanza kumtoka ni lake. 'Seif!' Halafu ndiyo anasema, 'Aa, Nasor.' Mimi nimekua naitika majina mawili. Nilikuwa nikimwonea wivu mtu nisiyemjua."

Akawasha gari. Hatukwenda nyumbani. Barabara ya mlimani ilikuwa ishatiwa lami. Njia nzima aliniuliza maneno. "'Baba yetu' wanasemaje huko kwao? 'Kila siku' wanasemaje?" Nikamwambia, naye akayarudia midomo ikitikisika, kama mtoto anayehifadhi sura. "Nitasema mimi nikusaidie," nilimwambia. "Hapana," alisema. "Lako liseme mwenyewe. Langu, safari hii wewe nyamaza."

Wageni wa msiba walikuwa wameshatawanyika. Ami Seif alikuwa amekaa kwenye jamvi mlangoni, amekwisha, mifupa tu ndani ya kanzu. Baba akampa mkono wa rambirambi. "Shikamoo, kaka." Mimi nikambusu Ami mkono, nikamweleza nilichofanya, chote, kwa Kiarabu changu cha skuli, sikujipunguzia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja tu, nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema kumi. "Kumi," alisema, akatikisa kichwa muda mrefu.

Hapo Baba akasogea mbele kwa magoti. "Abuna," alisema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Kil yom. Kil yom... Seif." Akanyoosha kidole kwenye kifua cha kaka yake. "Seif."

Ami alimtazama yeye, hakunitazama mimi. Akasema neno, na Baba hakulielewa, akanigeukia. Nikamfasiria kama lilivyo: "Anauliza, baba yenu alikuwa akiliitaje jina lake."

Baba akakaa kidogo, anatafuta. Kisha akainua uso, akaweka kiganja kando ya mdomo kama mtu aliye dukani anayemwita mtoto aliye uani, akavuta jina lile kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake kabla wala baadaye, sauti ya mtu mzima mwingine:

"Seeeif! Ya Seif!"

Mzee yule wa miaka sabini akanyanyua kichwa.

"Labbeh," alisema, vile mtoto anavyomwitikia mzazi wake.

Baba akaita tena, naye akaitika tena.